Tenganisha taka nyumbani, tumia vitu tena: yote yanaanzia kwenye ndoo ya jikoni

Ukitafuta mtandaoni mafundisho ya kurisaiko, yaani kurejeleza taka zigeuzwe vitu vipya, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni namna ya kukata chupa ya soda uigeuze chombo cha maua. Sina ugomvi na maua, ila nyumba moja inahitaji vyombo vya maua vingapi jamani, wakati chupa zinaingia ndani kila siku? Kazi yenyewe iko kwenye ile ndoo moja ya jikoni ambayo kila mtu anatupia kila kitu, mabaki ya chakula juu ya karatasi, majani ya chai juu ya boksi, mafuta yamemwagikia chupa, alafu watu wanashangaa mbona hizi taka hakuna anayezitaka. Karatasi ikishalowa mchuzi imekufa, hairudi. Chupa iliyolala siku tatu na maganda yaliyooza lazima mtu aioshe kwa maji mengi kabla haijafaa kitu, na huyo mtu wa kuiosha mara nyingi hayupo, kwa hiyo inaenda jalalani pamoja na wenzake. Ukifanya jambo moja tu kati ya yote yaliyomo humu, liwe hili: kinachooza kisikutane na kikavu.

Kabla hujanunua ndoo yoyote

Wengi wanaanza kwa kununua vindoo vya rangi tatu nne, vinapendeza kwelikweli, baada ya mda kila kindoo kina kila kitu. Usinunue kwanza. Chukua wiki moja uangalie tu mnatupa nini. Siku ya kutoa taka, tandika mfuko mkubwa chini, vaa glavu au hata mfuko wa nailoni mikononi, mwaga, chambua kwa fimbo. Sio kazi tamu lakini ni ya dakika kumi, na itakwambia ukweli kuliko makala yoyote, manake kila nyumba ina tabia yake. Yenye mtoto mchanga imejaa pampasi, ya watu wanaorudi kazini usiku imejaa vyombo vya chakula cha kununua, yenye wanafunzi ni karatasi na vifuko vya bisikuti. Kinachofanana karibu kila mahali ni kwamba vinavyooza ndio vingi. Benki ya Dunia mwaka 2018 ilikadiria kwamba mabaki ya chakula na majani ni kama asilimia 44 ya taka zote za manispaa duniani, yaani ukitoa hilo fungu peke yake ndoo yako inabaki nusu, na kilichobaki hakinuki.

Cha pili, tafuta mtu wa kuvipokea. Hapa ndipo watu wengi wanapakosea, wanakusanya kwanza alafu ndio wanatafuta pa kupeleka, matokeo yake stoo imejaa magunia ya chupa na mama mwenye nyumba ameshachoka. Kitu kinarejelezwa pale tu kuna mtu anayekichukua na kiwanda kinachokihitaji, basi, ile alama ya mishale kwenye chupa haikuahidi chochote. Kwa hiyo ongea na anayepita kukusanya chupa, au mnunuzi wa skrepa, au kituo cha karibu, umuulize mambo machache: unachukua aina gani na gani hutaki hata kuiona, mifuniko ibaki au itoke, nibane au niache nzima, na mzigo ufike kiasi gani ndio uje. Majibu yake ndio yatakuwa mpangilio wako. Kama hachukui kioo, hakuna haja ya kuwa na gunia la kioo.

Mpangilio wenyewe

Kwa nyumba nyingi vyombo vitatu vinatosha. Ndoo ndogo yenye mfuniko kwa vinavyooza, na nasisitiza ndogo, manake ndoo kubwa inakufanya usubiri ijae na kusubiri ndio kunakoleta harufu na mainzi. Weka karatasi ya gazeti chini inyonye majimaji, itoe kila siku au kila baada ya siku moja. Cha pili ni gunia au kiroba cha vikavu vyote pamoja, plastiki, karatasi, makopo, hivi hata vikichanganyika havidhuriani kama vyote ni vikavu, utavichambua siku ukiwa na nafasi. Cha tatu ni kiboksi juu ya kabati, mbali na watoto, kwa ajili ya betri, balbu, dawa zilizopita mda na vitu kama hivyo.

Mahali pa kuweka pana umuhimu kuliko rangi. Ndoo ya vinavyooza ikae palepale mnapomenyea na kukatia, sio nje, kwa sababu hakuna mtu atakayetoka nje kila akimenya karoti, na gunia la vikavu likae mahali mtu anapopita akitoka jikoni. Kama kuna pipa bafuni au chumbani liweke karatasi tu, ukiona limeanza kuwa na mchanganyiko liondoe kabisa. Watu wa nyumbani hawabadiliki kwa kuhubiriwa, wanabadilika pale ambapo kutupa sawasawa kunakuwa rahisi kuliko kutupa ovyo. Mgeni akikosea, toa kimyakimya uweke panapostahili. Maisha yaendelee.

Plastiki, hapa tukae kidogo

Geuza chupa au kopo lolote la plastiki, kwenye kitako utaona kipembetatu cha mishale kina namba ndani, kuanzia 1 mpaka 7. Alama ya mishale mitatu yenyewe ilichorwa mwaka 1970 na mwanafunzi wa Marekani anaitwa Gary Anderson kwa ajili ya shindano, na ilikuwa ya karatasi. Hizo namba zilikuja baadaye, mwaka 1988, zikaanzishwa na chama cha watengeneza plastiki cha huko huko Marekani ili kutambulisha aina ya plastiki. Kwa hiyo namba inakwambia kitu kimetengenezwa na nini. Kama kitarejelezwa au hapana, hilo halimo kwenye namba.

Namba 1 ni PET, chupa za maji na soda. Namba 2 ni HDPE, ile ngumu isiyoangaza, madumu, chupa za shampuu na sabuni ya maji. Hizi mbili ndizo zinazotafutwa sana na wanunuzi, pamoja na namba 5 ambayo ni polipropilini, ndoo nyingi, vikopo vya mtindi, mifuniko. Namba 3 ni PVC, mabomba na baadhi ya zulia za plastiki, hiyo usiichanganye na wenzake kabisa, kidogo tu inaharibu mzigo mzima wa PET ukiyeyushwa. Namba 4 ni mifuko laini na nailoni. Namba 6 ni vyombo vya chakula vyepesi vile vyeupe vinavyomomonyoka pamoja na vikombe vya kutupa, wachache sana wanaichukua. Namba 7 ni kapu la yaliyobaki, hata ile plastiki inayosemekana inaoza imo humu, na nyingi ya hizo haziozi kwenye bustani yako, zinataka joto la karibu nyuzi 60 la mitambo maalumu, na ukizitupa na chupa za PET unawaharibia watu kazi.

Kuna jaribio dogo unaweza kufanya na watoto na wataelewa kwa nini mtu anakuuliza habari za mifuniko. Kata kipande cha chupa ya maji, kata na kipande cha mfuniko wake, vizamishe kwenye bakuli la maji ukivibonyeza hewa itoke. Kipande cha chupa kinazama, cha mfuniko kinaelea. Ni plastiki mbili tofauti, PET ni nzito kuliko maji na hizo nyingine ni nyepesi, na viwandani wanatumia hivyohivyo, wanasaga chupa vipande vidogo wanamwaga kwenye matangi ya maji, cha juu kinachotwa, cha chini kinabaki. Kwa hiyo kiwanda chenye tangi hakina shida na mfuniko, lakini mnunuzi wa mtaani anayechambua kwa mkono anaweza kutaka uutoe. Ndio maana nikasema uliza.

Kuhusu kuosha, usiipeleke chupa bombani ukaifungulia maji safi, hapo umeokoa plastiki ukapoteza maji. Subiri mkimaliza kuosha vyombo, yale maji ya sabuni yaliyobaki kwenye beseni ndio ya kusuuzia, mimina kidogo, funga, tikisa, mwaga, alafu isimamishe kichwa chini ikauke. Isiwe safi ya kunywea, iwe tu haina chakula wala maji ndani. Alafu ibane. Gunia la chupa nzima asilimia kubwa ni hewa, ukizibana linabeba nyingi zaidi na aliyekuja na baiskeli atakushukuru. Usichomeke karatasi au mifuko ndani ya chupa kupunguza nafasi, anayechambua hawezi kuiona na chupa hiyo inakuwa takataka.

Vifuko vidogo vya sabuni, krispi, kahawa, achana navyo upande wa kurisaiko. Vina tabaka tabaka, plastiki na karatasi nyembamba ya alumini (foili) zimegandishwa pamoja na kuzitenganisha ni kazi ambayo wengi hawaifanyi. Ukitaka kujua kama ni foili halisi au plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, fumbata mkononi uachie, ikibaki imejikunja ni foili, ikijifungua ni plastiki. Plastiki nyeusi nayo ina kasoro yake, mashine nyingi za kuchambua zinatumia mwanga na zile rangi nyeusi za kaboni zinaumeza mwanga, kwa hiyo mashine haioni kitu. Ukiwa dukani na una uchaguzi, chupa isiyo na rangi ndio inayopata soko zaidi kuliko ya rangi.

Na tusidanganyane. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba hadi mwaka 2015 taka za plastiki zilikuwa zimefika kama tani bilioni 6.3, zilizorejelezwa ni asilimia 9 hivi, asilimia 12 zikachomwa, zilizobaki ziko majalalani au zimezagaa. Maana yake gunia lako la chupa ni zuri, lakini chupa ambayo hukuinunua ni nzuri zaidi. Anayebeba maji yake kutoka nyumbani kwenye chupa ya kudumu anafanya zaidi ya anayekusanya chupa kila siku.

Karatasi, makopo, kioo

Hizi ni rahisi nitapita haraka. Karatasi na maboksi vinataka ukavu tu, vikunjue, vilaze, fungia kamba. Nyuzi za karatasi zinafupika kila zikirejelezwa, zinavumilia kama mara 5 mpaka 7 hivi, kwa hiyo tumia pande zote mbili kwanza kabla ya kuitoa. Risiti zile laini za mashine usiziweke humo, zina kemikali ya joto juu yake, na vikombe vya karatasi pia vina utando wa plastiki ndani, chana kimoja utauona unavutika. Boksi lenye mafuta ya chakula kata sehemu iliyochafuka ukaiweke kwenye mboji (mbolea ya vitu vilivyooza, tutafika huko), upande msafi uende na karatasi. Maboksi ya maziwa na juisi nayo ni tabaka za karatasi, plastiki na mara nyingi alumini, uliza kama kuna anayeyachukua kabla hujayarundika.

Makopo tumia sumaku, ikishika ni chuma, isiposhika kopo la kinywaji ni alumini na hiyo ndio yenye thamani. Kuyeyusha alumini iliyotumika kunaokoa karibu asilimia 95 ya nishati inayotumika kuitoa kwenye mawe yake, ndio maana wanunuzi wanaigombania. Kopo la chuma lenye mfuniko wa makali, sukuma mfuniko ndani ubane mdomo, mtu asikatwe. Makopo ya spreyi usitoboe wala kuchoma, hata ukidhani yameisha.

Kioo kinayeyushwa mara nyingi bila kupungua ubora, lakini ni kioo cha chupa na mitungi tu. Glasi za kunywea, vioo vya madirisha na bakuli za kuvumilia moto zina mchanganyiko tofauti, usizichanganye. Kikivunjika kifunge kwenye boksi, piga selotepu, andika juu kwamba ni vipande vya kioo. Kuna mtu atatia mkono humo bila kuona.

Vinavyooza viende kwenye mboji

Mwaka 2022 chakula kilichotupwa duniani kilikadiriwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa kuwa tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Kikifukiwa jalalani bila hewa kinatoa methani, gesi inayoongeza joto takriban mara 28 ya kaboni dioksaidi ukiipima kwa miaka 100. Kikioza penye hewa, methani inakuwa kidogo sana na unapata mbolea. Kwa hiyo siri ya mboji ni hewa, mengine yote ni kuilinda hiyo hewa.

Ukiwa na uwanja, chagua kona ya kivuli, weka vijiti na matawi chini hewa ipite. Alafu panga kwa zamu, tabaka la vibichi kama maganda, mabaki ya mboga, majani ya chai, nyasi mbichi, juu yake tabaka la vikavu kama majani makavu, maranda ya mbao, maboksi yaliyochanwa vipande vidogo. Vikavu viwe vingi kama mara mbili au tatu ya vibichi kwa ujazo, na hapa ndipo mboji nyingi zinapofia, watu wanarundika maganda matupu yanageuka uji unaonuka. Kila ukimwaga ndoo ya jikoni funika na vikavu palepale, usiache maganda yanaonekana, hiyo peke yake inaondoa nusu ya mainzi. Maganda ya mayai yaponde kwanza. Nyama, mifupa, maziwa, mafuta (zaidi ya yale kidogo yaliyolowa kwenye boksi) na kinyesi cha mbwa au paka visiingie, vinaita panya na magonjwa.

Kupima unyevu chukua konzi uikamue kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika ongeza vikavu, isipotoka kitu na ikamwagika mkononi nyunyiza maji. Igeuze kila wiki au wiki mbili kwa koleo, utaona moshi wa joto ukitoka asubuhi yenye baridi na ukizamisha mkono katikati unautoa haraka, hiyo ndio dalili vijidudu viko kazini. Ikinuka kama amonia, ile harufu kali kama ya mkojo, vibichi vimezidi. Ikinuka kama yai bovu imekosa hewa, igeuze. Ikiwa imetulia tu haipati joto, labda ni ndogo mno au kavu mno. Ikigeuzwa vizuri baada ya miezi miwili mpaka minne inakuwa nyeusi, inanukia udongo wa mvua na huwezi tena kutambua ganda lilikuwa la nini. Usiiweke kwenye mmea kabla haijafika hapo.

Unaishi ghorofani? Ndoo mbili zinatosha. Moja itobolewe matundu ubavuni na chini, iingizwe kwenye nyingine iliyo nzima, uziweke kitu cha kuzitenganisha, kama tofali, majimaji yadondokee chini. Ni zoezi lilelile kwa kipimo kidogo. Ukipata minyoo myekundu ya mboji itakusaidia kazi, ila usiwape vitunguu na malimao mengi, hawapendi.

Kutumia tena, na vitu ambavyo usitumie tena

Mtungi wa kioo wa jemu ni mali. Loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni lebo itoke, gundi ikigoma paka mafuta ya kula uiache kidogo alafu sugua. Mfuniko unanuka kachumbari? Uanike juani umegeuzwa, siku moja mbili. Ukitaka kuhifadhia chakula uuchemshe, lakini anza na maji ya baridi mtungi ukiwa tayari ndani, ukiumwagia maji yanayochemka wakati wenyewe ni wa baridi unapasuka. Nafaka, viungo, misumari, vifungo, vyote vinakaa humo na unaona kilichomo bila kufungua.

Chupa nyembamba za namba 1 ni za vinywaji vya baridi, unaweza kujazia maji ya kunywa mara chache ukiziosha, ila usimimine chai ya moto wala kuziacha kwenye gari juani, na zikishapata mikwaruzo ndani ziende guniani. Bustanini zinafaa sana, toboa matundu madogo kwenye mfuniko kwa sindano ya moto, kata kitako, ifukie kichwa chini kando ya mche ujaze maji, yatadondoka taratibu kwenye mizizi badala ya kukauka juu.

Sasa upande wa hatari, na hapa siwezi kuwa mpole. Dumu lililokaa dawa ya wadudu, oili ya injini au rangi halirudi jikoni, hata ukiliosha mara ngapi, hata liwe zuri namna gani. La dawa ya wadudu lisuuze mara 3, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba la kupulizia, alafu litoboe ili asitokee mwingine wa kulitumia. Na kinyume chake pia, usiweke mafuta ya taa, dawa ya madoa au asidi ya betri kwenye chupa ya soda. Mtoto anaijua chupa ya soda kwa umbo, hasomi ulichoandika. Hiyo habari inatokea kila mahali na ni ya kuepukika kabisa.

Jingine ambalo watu wa kutumia tena vitu tunalisahau ni mbu. Tairi, kopo, kindoo kilichotobolewa kikaachwa nje, vikishika maji ya mvua ni hospitali ya wazazi ya mbu, na yai linaweza kufika mbu mzima kwa wiki moja hivi au siku kumi kwenye joto. Kila kilicho nje kigeuzwe kichwa chini au kitobolewe chini maji yapite, na vyenye maji ya kazi vimwagwe kila wiki.

Nguo zikichakaa kabisa zitazame kwanza. Dondoshea tone la maji, likinywewa haraka ni pamba na itafaa kuwa kitambaa cha kufutia, likibaki limekaa juu ni poliesta, hiyo haifuti inasambaza tu, itie kwenye mto au kalio la kiti. Ng'oa vifungo na zipu kabla hujakata. Zinazovalika zigawe zikiwa safi, ukiona aibu kumpa mtu unayemheshimu basi usimpe mtu yeyote. Inakadiriwa tisheti moja ya pamba inakula lita 2,700 za maji mpaka ikamilike, kushona kishimo ni uzi na dakika tano.

Na mifuko ya kwenda nayo dukani, usikimbilie kununua mipya ya pamba ili uonekane umejali. Uchambuzi wa wakala wa mazingira wa Denmark wa mwaka 2018 uliona mfuko wa pamba wa kawaida unatakiwa utumike kama mara 52 ndipo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki kwa upande wa tabianchi peke yake, na ukihesabu vigezo vyote inafika mara 7,100. Kapu lililopo nyumbani, begi la zamani, hata kile kiroba cha unga kilichofuliwa, ndio bora kuliko vyote kwa sababu kimeshatengenezwa.

Kile kiboksi cha juu ya kabati

Taka za kielektroniki zilifika tani milioni 62 mwaka 2022 na iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa vizuri ilikuwa asilimia 22.3 tu. Simu iliyokufa ndani yake kuna shaba, dhahabu kidogo, kobalti, na kuna madini ya risasi na sumu nyingine pia. Kabla ya kuitoa toa laini na memori kadi, toka kwenye akaunti zako, rudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Kama inawaka bado, ipate mtu mwingine wa kuitumia, hilo linashinda kiwanda chochote.

Betri za lithiamu ziba ncha zake kwa selotepu kabla ya kuziweka pamoja, ncha zikigusana zinapata moto, na malori mengi ya taka yameshaungua kwa sababu ya betri iliyobanwa. Iliyovimba usiitoboe wala kuichaji, iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga, nje, uipeleke haraka. Balbu za mirija zile za floresenti zina zebaki kidogo, ikivunjika fungua madirisha, toka kidogo, kusanya kwa karatasi ngumu na selotepu badala ya ufagio. Nyaya usichome kutafuta shaba, ganda lake mara nyingi ni PVC na moshi wake una dioksini, ambayo ni sumu kali, mnunuzi wa skrepa ananunua na ganda lake au unachuna kwa kisu.

Mafuta ya kukaangia yaliyochoka yapoe, yachuje, yatie chupa, wapo wanaoyachukua kwa ajili ya sabuni na dizeli. Kwenye sinki yanaganda na siku moja utamuita fundi.

Kinachobaki

Baada ya yote hayo kutabaki na kamfuko ka vitu visivyo na pa kwenda, pampasi, pedi, vifuko vya tabaka, vitambaa vya kufutia vyenye maji, karatasi iliyochafuka, plastiki isiyo na mnunuzi. Hivyo vifungwe vizuri viende kwa wazoa taka, visichomwe uani hata kama ndio mazoea, manake plastiki ikichomwa kwa moto mdogo haiishi, inahamia hewani na kwenye mapafu ya watoto wa jirani, na majivu yake hayafai bustanini.

Hako kamfuko kafungue mara moja kwa mwezi ukatazame, kitu gani ndio kingi. Kama ni vifuko vya sabuni, mwezi unaofuata nunua pakiti kubwa au jazia kwenye chombo kinapowezekana. Kama ni vyombo vya chakula cha kubeba, tembea na chombo chako. Badilisha kimoja tu, kikishazoeleka ndio utazame kingine, na gunia la vikavu likijaa mpigie yule wa chupa aje kabla ya mvua.